Rangi ya Damu ya Mzee

Babu aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso kama mtu aliyesahau miwani, akaitazama kitambo, kisha akanirudishia.

"Hini siyo, mke wangu."

Nilikuwa nimeshuka Miritini, stesheni ya Mombasa, alfajiri ile kwa treni ya usiku kutoka Nairobi, macho mekundu, mgongo umekufa ganzi. Miezi minane nilikuwa nimeisaka picha ile. "Siyo vipi, babu? Injini si ndiyo hiyo? Jina si hilo hapo?"

"Injini ndiyo. Rangi siyo. Hiyo ni rangi ya matofali. Yetu ilikuwa damu ya mzee."

Akaendelea na kahawa yake.

Mwezi huu vijana watatu wamenitumia ujumbe kuuliza vipi wataanza kupiga picha za treni hapa Mombasa, kwa kuwa wameona za kwangu. Nimeona heri niandike mara moja yote yaliyonipata, na gharama zake. Wakitaka kukosea wakosee makosa mapya. Haya ya kwangu nimeshayalipia.

Kazi yangu ni harusi. Kwa mwaka wa saba sasa napiga picha za kupamba, za nikahi, za bibi harusi akiwa ameketi na hina mpaka kwenye viwiko. Treni hazikuwa akilini mwangu kabisa, ingawa nimekulia Changamwe na mama alinizaa nyumba iliyosikia honi za reli usiku kucha. Babu, baba yake mama, alifanya kazi relwe tangu 1971. Aliingia kama mfuta injini kwenye shedi ya Mombasa, kijana mwenye ndoo na fungu la pamba iliyolowa mafuta, kisha akapanda kuwa faimani, yule msaidizi wa dereva anayesimamia moto. Wengi hudhani faimani wa hapa alikuwa akipiga koleo la makaa mchana kutwa. Injini zile kubwa za masafa zilikuwa zikichoma mafuta mazito, na kazi yake ilikuwa vali, mvuke na jicho kwenye kipimo cha maji. Babu hukasirika mtu akimwuliza habari za koleo.

Jambo lenyewe lilianza mwisho wa 2023. Kaka yangu ni baharia, na meli yao ilikuwa Norfolk, Marekani, ikipakia makaa ya mawe. Akatuma picha ya injini ya treni yenye rangi ya njano na nyeusi, imeandikwa Virginian, na nyuma yake msururu wa mabehewa usio na mwisho. Nilipomwuliza kwa nini moja tu ina rangi zile akanieleza: mwaka 2012, kampuni ya reli ya Norfolk Southern ilipotimiza miaka 30, ilichukua injini 20 za kawaida ikazipaka rangi za kampuni kongwe zilizotangulia kabla ya kuungana. Hazikuwekwa makumbusho. Zinavuta mizigo kama wenzake, na watu huamka usiku wa manane kuzivizia zipite.

Nikamwonyesha babu. Akacheka, kisha akanyamaza. "Wao wamezipaka upya ili wakumbuke. Yetu mara ya mwisho kuiona ilikuwa lini? Nenda kanipigie picha yetu."

Nikamwuliza ipi. Akazitaja kama mtu anayetaja majina ya wake wenza: Mount Gelai, Mount Shengena. Injini za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock cha Uingereza katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Zilikuwa na uzito wa tani 252, kwenye reli ya upana wa mita moja tu, zikivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hapa mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na vyake, na kufikia 1980 mvuke wa injini zile ukawa umezimwa. Mount Gelai na Mount Shengena zimebaki kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Nikajiambia: kabla sijapanda Nairobi kupiga picha chuma kilichosimama, nijifunze kwanza na kinachotembea. Treni za mizigo za SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, zinapita Mazeras, nusu saa na kidogo kutoka kwangu matatu ikikubali. Kuna ugumu gani? Nimepiga bibi harusi akirusha mchele gizani.

Siku ya kwanza ilikuwa Januari, wakati wa kaskazi, jua limetoa meno. Nilifika Mazeras saa tano mchana, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilipanda kama mtu anayekwenda harusini. Kwetu huku, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, saa tano jua limeshakaa utosini. Kontena zinaonekana bapa, vivuli vyote vimejificha chini ya mabehewa, na hewa ya juu ya reli inacheza. Mazigazi hayo huyaoni kwa jicho ukiwa umesimama, lakini weka lenzi ndefu uone treni inavyopindapinda kama imeyeyuka. Hakuna programu ya kuhariri inayoondoa mazigazi. Mwangaza wa kufaa ni kuanzia jua linapochomoza, saa kumi na mbili na ushei, mpaka saa mbili unusu hivi, halafu tena kuanzia saa kumi. Katikati hapo nenda ukale.

Kosa la pili, nilikaa upande usiofaa. Reli kutoka Mombasa inaelekea kaskazini magharibi. Januari jua letu linapita kusini, mimi nikakaa kaskazini ya reli nikilitazama. Treni yote ikawa kivuli cheusi chenye ukingo wa moto. Ukitaka rangi za kontena, tazama kwanza jua liko upande gani, ulipe mgongo. Juni na Julai jua limehamia kaskazini, nawe hama nalo. Jambo hili dogo halikunijia akilini kwa sababu kwenye ukumbi wa harusi jua nalibeba begani.

La tatu ni subira. Treni ya abiria ina saa zake, ya mizigo haina saa ambayo mimi na wewe tutaambiwa. Nilingoja saa nne na nusu. Ilipokuja nilikuwa nimeshika hamri mkono mmoja na kikombe cha mbaazi mkono wa pili. Nilipiga picha tatu. Moja ya anga, mbili za mkia wa treni zimefifia kama ndoto. Kamera ilikuwa imebaki kwenye kasi ya ukumbini, 1 kwa 125 ya sekunde. Kwa treni inayotembea anzia 1 kwa 800, ukiwa karibu zaidi ongeza.

Na hata ningekuwa tayari, nisingepata kitu cha maana. Reli ya SGR imejengwa juu ya tuta. Ukisimama chini unapiga matumbo ya mabehewa. Lazima utafute mwinuko, na hapo ndipo nilipofanya kosa linaloniamsha usiku hadi leo.

Wiki ya tatu ya majaribio niliona tundu kwenye ua wa waya. Watu wa karibu wanapita hapo na mbuzi zao. Nikajiambia, mbuzi anapita sembuse mimi. Nikaingia, nikapanda tuta, nikafunga lenzi, na kwa mara ya kwanza nikaiona vizuri: kontena zimepandana mbili mbili, moja juu ya mwenzake, inapanda kutoka bandarini taratibu kama msafara wa maarusi. Nikapiga, nikapiga, nikapiga. Nilipoteremka kulikuwa na askari wawili wananingoja.

Nawatendea haki: walikuwa na sababu. Kuingia eneo la reli ni kosa, na treni iliyobeba mzigo ule haisimami kwa kuwa wewe umeteleza. Hawakunipiga, hawakunitukana. Walinikalisha kwenye kibanda saa tatu. Wakanihoji nani amenituma, kamera ya bei gani, mbona mwanamke peke yake. Kisha mmoja akanyoosha mkono. "Leta tuone umepiga nini."

Moyo ukanitoka. Kadi iliyokuwa kwenye kamera ilikuwa na picha za kupamba ya usiku wa juzi.

Asiyejua mila zetu hataelewa uzito wake. Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Buibui huvuliwa mlangoni, simu hukusanywa, na mpiga picha ni mwanamke aliyekula kiapo, hata kama hakuapa kwa mdomo. Wateja wangu hunilipa kwa sababu hiyo zaidi ya ufundi wangu. Ndani ya kadi ile kulikuwa na bibi harusi, mama zake, dada zake, nywele wazi, wanacheza. Na sasa mkono wa mwanamume asiyewajua ulikuwa umenyooshwa.

Nikasema, "Afande, za reli nitazifuta zote mbele yako. Lakini humo mna wanawake wa watu, usiwatazame." Akadhani nambabaisha, na ningekuwa yeye ningedhani hivyo pia. Kadiri nilivyoomba ndivyo alivyozidi kutaka kuona. Mwishowe nikamwambia nitaifuta kadi nzima, kila kitu, aangalie kioo kikiandika kwamba haina kitu. Wakatazamana. Wakakubali. Nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe.

Njiani kurudi sikulia. Nililia nyumbani, chooni, nimefungua mfereji ili mama asisikie.

Kadi iliyofutwa hivyo haijafa papo hapo. Picha bado zimo mpaka uziandikie nyingine juu yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitoa kwenye kamera na kutoipiga hata picha moja. La pili, kwangu mimi, lilikuwa kutompa fundi, kwani fundi naye angeziona. Nilinunua programu ya kurejesha mafaili, nikakesha siku mbili nikijifunza. Zilirudi nyingi, si zote. Zilizopotea zilikuwa za kuingia kwa bibi harusi. Nikaenda kwa mama yake, nikamweleza ukweli wote pamoja na tundu la ua, nikamrudishia shilingi 15,000. Alinisikiliza kimya. Akasema, "Umefanya vyema kuzifuta." Kisha, "Lakini kwa nini ulikwenda nazo kwenye reli?" Sikuwa na jibu. Binti yake wa pili ameolewa mwaka huu na picha alipiga mwengine.

Tangu siku ile kadi za kazi zinalala kwenye kijaluba ndani ya kabati ya mama. Kadi ya treni ni ya treni. Wewe usiyepiga harusi nawe una yako: picha za watoto wako, za kitambulisho, za mambo ya nyumbani. Ukienda nje kupiga, nenda na kadi tupu.

Nilikaa wiki sita bila kugusa kamera isipokuwa kazi. Kisha babu akauliza, "Imekufa ile safari?" Nikaanza upya, safari hii kwa mlango wa mbele. Niliandika barua ya kuomba ruhusa, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho na mfano wa picha. Nilizungushwa, sitaficha. Nilitumwa ghorofa hii, nikaambiwa mhusika ametoka, nikarudi, nikaambiwa barua haionekani, nikapeleka nyingine. Siku hizi kila barua nabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hatimaye nikakaa na mtu aliyenieleza kwa adabu kile ambacho ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: ndani ya ua, stesheni na bandarini usipige bila kibali. Kama picha ni za kuuza, sema mapema. Na ndege ndogo ya kamera usiirushe hivi hivi, ina sheria zake kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Basi nikajiwekea mpaka wangu: nitapiga kutoka nje, kwenye ardhi ya mtu aliyeniruhusu.

Ndivyo nilivyompata Mama wa Madafu.

Ana shamba dogo la minazi upande wa Mazeras, juu ya kilima, na kibanda cha madafu barabarani. Nilisimama kunywa, nikaona kutoka pale reli inavyojipinda chini kama mkanda. Nikamwomba ruhusa ya kusimama shambani kwake. Akauliza nitakula nini. Nikajua nimekubaliwa.

Mama huyu amenifundisha treni kuliko intaneti yote. "Mwanangu, usiitafute kwa macho," alisema. "Ikipanda imebeba, ardhi inasema kabla ya masikio." Na kweli, kikombe cha chai juu ya meza ya mbao hutetemeka kwanza. Inayopanda kwenda bara huwa nzito, kwa kuwa shehena nyingi huingia kupitia bandari ya Kilindini, na injini za dizeli hunguruma kwa kifua. Inayoshuka mara nyingi imebeba kontena tupu, na tupu zina kelele zao za mabati, kama sufuria zinazoteremshwa ngazi. Kutoka kwake nilijua pia kwamba ya mizigo huipisha ya abiria. Reli ni njia moja, hupishana kwenye stesheni, kwa hiyo treni ya abiria ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini ikishapita, kaa macho. Si kila siku itatokea, ila nimepata picha nyingi katika saa ile kuliko nyingine yoyote. Na hiyo ya abiria yenyewe itumie kwa mazoezi, maana saa yake inajulikana: pangia kasi, pangia fremu, ona kama umekata kichwa.

Nampigia simu kabla sijatoka. Akisema "leo kumenyamaza" sipandi matatu. Nampa shilingi 300 kila nikienda na nilimtengenezea picha ya kibanda chake, kubwa, ameitundika nyuma ya panga la madafu. Mara mbili alinipigia mwenyewe saa kumi na moja alfajiri kuniambia mawingu yamekaa vizuri. Siku moja alinipigia kunicheka tu: zilipita mbili zikifuatana, na mimi nilikuwa nimelala.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kila mtu na mfuko wake. Ila Mombasa ina adui ambaye watu wa bara hawamjui. Chumvi na unyevu. Nilimlipa fundi shilingi 4,000 kusafisha kuvu iliyoota ndani ya lenzi yangu ndefu kwa sababu nilikuwa nikiirudisha kwenye begi ikiwa na jasho la asubuhi. Hifadhi lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na ukilala chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje nusu saa kabla, ikiwa ndani ya begi lililofungwa. Ukiitoa ghafla kioo kinaingia umande, na treni haitangoja ukifute.

Agosti nikapanda Nairobi. Nauli ya daraja la kawaida wakati huo ilikuwa shilingi 1,500. Kabla ya kupandishwa Januari 2024 ilikuwa 1,000. Tiketi nilikata kwa simu, *639#, nikalipa kwa M-Pesa. Miritini fika mapema saa moja nzima, maana mabegi hupangwa chini mstari mmoja yanuswe na mbwa, na begi la kamera hufunguliwa. Nilitaka kwenda na kurudi siku moja ili nisilipie malazi, na huo ndio ubahili ulioniponza. Treni ya saa mbili ilifika Syokimau, nje ya Nairobi, mchana umekwenda, nikaunga treni ndogo ya kwenda mjini, nikaingia makumbusho jua limeshaanza kuwa la jioni.

Sikuwa nimejiandaa kwa ukubwa wake. Ukisoma "mita 31" ni tarakimu tu. Ukisimama mbele ya Mount Gelai, magurudumu mbele, magurudumu nyuma, bwela, lile tangi la kuchemshia maji, katikati limening'inia kama mzigo kati ya ngamia wawili, unajiona mdogo. Lenzi yangu haikuimaliza. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga mgongo kwenye behewa jingine. Nilipiga vipande vipande, haraka haraka, nikichungulia saa. Kamera niliiacha ijiamulie rangi yenyewe. Jua la jioni ni la manjano, rangi ya injini ni nyekundu iliyokwiva, kamera ikaona wekundu mwingi ikajaribu kuupunguza, mimi nikaurudisha kwenye laptopu kwa kubahatisha ndani ya treni ya usiku. Matokeo yake ni yale matofali ya babu.

Kwa hasira nilitaka kuirekebisha kwenye kompyuta basi. Nikakaa nayo jioni mbili. Lakini ningeirekebisha ifanane na nini? Mimi sijawahi kuiona damu ya mzee ile. Aliyeiona alikuwa ameketi barazani, ana miaka sabini na ushei, miguu mibovu, kichwa kizima.

Nikamkatia tiketi.

Mama alinipinga. Babu mwenyewe alisema hana nguo. Siku ya safari alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti na kofia ya vito, akaketi dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipanda SGR. Nilidhani ataisifu au ataiponda. Hakufanya lolote kati ya hayo. Saa zote tano na zaidi alikuwa akiitafuta reli ya zamani. Ikijitokeza kando yetu, nyembamba, majani yamepanda, aliinuka kidogo kitini. Ikipotea aliketi. Na alikuwa akitaja stesheni ambazo treni hii haisimami, kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta tasbihi: Samburu, Mackinnon Road, Tsavo, Makindu. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu na mtoto akamwuliza kama anasoma dua. "Karibu na hiyo," babu akasema.

Tulilala kwa shangazi, South C. Hapo gharama zilishapita 9,000 na bado sijapiga picha. Asubuhi tukaingia makumbusho mlango unapofunguliwa, mawingu ya Nairobi yametanda, mwangaza laini usio na kivuli, ambao kwa rangi ni bora kuliko jua lolote. Nilikuwa na kadi ya kijivu ya kupimia rangi, ya shilingi mia chache. Unaipiga picha kwanza penye mwangaza uleule, kisha kamera inajua kijivu ni kipi na nyekundu inakaa mahali pake. Ningeinunua Agosti ningeokoa safari nzima. Ila nisingemleta babu.

Aliizunguka Mount Gelai mara moja bila kusema neno. Akasimama chini ya chumba cha dereva. Nikamwuliza, "Rangi ndiyo hii?"

Akatikisa kichwa. "Hapana."

Nilitaka kukaa chini.

"Imekauka," akasema. "Jua limeinywa. Sisi tulikuwa tunaifuta kila ikirudi. Pamba na mafuta, pamba na mafuta, mpaka ujione meno." Akatia mkono mfukoni akatoa leso yake. Nikamshika mkono, maana nilishajifunza, nikaenda kumwomba msimamizi. Nikamweleza babu ni nani. Msimamizi, kijana wa rika langu, akaja naye, akamwamkia shikamoo, akasema afute pale chini kidogo, kwa maji tu.

Babu akamimina maji ya chupa kwenye leso. Akaanza kufuta kwa mduara, polepole, mkono ukikumbuka wenyewe. Kwanza likatoka vumbi. Kisha, pahali pa ukubwa wa sahani, rangi ikaanza kuzama, ikaiva, ikawa nyekundu inayoelekea weusi, na ndani yake nikauona uso wa babu umepinda.

"Ndiyo hini."

Nikapiga. Maji kwenye chuma hayakai. Kabla sijabadilisha lenzi ukingo ulikuwa umeshaanza kupauka, na kufikia picha ya 11 pale pamesharudi kuwa kama pengine. Yule msimamizi akauliza kama babu angependa kufuta tena. Babu akasema yatosha, leso yenyewe ya Ijumaa.

Nina picha nzuri ya Mount Gelai yote, kutoka mbele mpaka nyuma, rangi imepimwa. Nina kontena zikipanda Mazeras saa kumi na mbili na nusu, minazi ya Mama pembeni. Babu hakutaka hata moja kati ya hizo. Ametundika ile ya nne katika zile 11, karibu na kalenda, haina gurudumu wala jina wala bwela, nyekundu tupu yenye maji. Wageni wakiingia humwuliza huo ni ubao wa nini. Huwaacha wakisie.